Mjane Asiyekuwamo Kitabuni

Daktari wa macho alimkataza Mama Pacha kusoma chochote, hata maandishi ya kwenye chupa ya dawa aliyompa. Alikuwa amemtoa mtoto wa jicho upande wa kulia, kisha wa kushoto, na hilo la kushoto likaleta ukaidi: likavimba, likawa jekundu kama pilipili. Likafungwa kitambaa, la pili likavishwa miwani myeusi, mgonjwa akaambiwa akae hivyo hivyo mpaka atakapoitwa.

"Ukisoma kwa kujificha," daktari alimwambia, "mimi sitajua. Jicho litajua."

Kwa mwingine hiyo ingekuwa likizo. Kwa Mama Pacha kilikuwa kifungo. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkalimani wa mahakama, mtu wa kusimama katikati ya watu wasioelewana lugha, na kiapo chake kilikuwa kufasiri kwa uaminifu bila kuongeza wala kupunguza. Kuna siku mshtakiwa alimporomoshea hakimu tusi zito la nguoni, ukumbi mzima ukamgeukia mkalimani kuona atalipunguza vipi makali. Hakulipunguza. Alilitoa zima zima, huku akimtazama hakimu usoni, kisha akasubiri sentensi inayofuata. Hakimu aliinamisha kichwa akaandika. Kuanzia siku hiyo wakaheshimiana, na walipostaafu wakawa marafiki.

Hakimu huyo ndiye aliyeanzisha kile kikundi chao cha kusoma. Walikuwa wanne: yeye, Mama Pacha, mkunga mmoja aliyestaafu, na mwalimu wa hesabu ambaye alisoma riwaya kwa kupiga mistari kama anasahihisha mtihani. Walikutana sebuleni kwa hakimu mara moja kwa mwezi, wakanywa chai na kugombana juu ya kitabu kimoja. Safari hii hakimu ndiye aliyechagua, naye akachagua dude la jalada la kijani, nene kama tofali, liitwalo Mlango Uelekee Wapi.

"Mwanzo wake ni mzito," aliwaonya. "Msikate tamaa. Kinashika kasi baadaye."

Mama Pacha alirudi nyumbani na tofali lake, akaliweka mezani, akakaa akilipapasa. Mumewe alimkuta katika hali hiyo.

Mumewe alikuwa kinyozi. Mtaa mzima ulimwita Wembe, na si kwa ajili ya kazi yake tu. Ulimi wake nao ulikuwa unanyoa. Duka lake lilikuwa kona ya pili kutoka nyumbani, na kila siku baada ya chakula cha mchana alilifunga kwa muda, akaja kujinyoosha kwenye kochi hadi jua lipoe.

"Lete," alisema. "Nitakusomea mimi."

"Wewe? Wewe gazeti lenyewe unaanza nyuma, ukimaliza mpira umemaliza!"

"Mama Pacha, nimekuoa wakati una macho mawili na nilikuwa sina la kukupa. Leo umekosa macho, niachie nikupe yangu."

Mama Pacha alicheka, lakini moyoni alilainika. Pacha wao walikuwa wakubwa, wanafanya kazi mbali, nyumba ilikuwa na watu wawili tu na redio. Kwamba Wembe, asiyeweza kutulia mahali ila kama kuna kichwa cha mtu mbele yake, angekaa kila siku amsomee, hilo hakulitegemea.

Wakaanza. Na kweli kitabu kilikuwa kizito. Ndugu watatu walikuwa wanataka kujenga nyumba kwenye kiwanja cha marehemu baba yao. Basi wakapima. Wakavuta kamba toka pembe hii hadi pembe ile, wakakuta haitoshi, wakaivuta upya. Mwandishi akaeleza udongo: wa juu ulikuwa hivi, wa chini ulikuwa vile. Ndugu mkubwa alisema mlango uelekee barabarani. Wa kati alisema uelekee kisimani. Mdogo hakusema kitu kwa kurasa nyingi sana.

"Jamani!" Wembe alifoka siku ya tatu. "Hawa watu wanapima kiwanja tangu juzi. Hii nyumba itajengwa na wajukuu."

"Soma."

"'Udongo ule ulikuwa na rangi ya...' Mama Pacha, umelala?"

"Sijalala. Nimefumba."

"Umefungwa na umefumba. Ndio umelala huko."

Ilipofika siku ya tano hata Mama Pacha mwenyewe alichoka. Alikuwa amesinzia mara mbili, na mara zote mbili aliamka akawakuta ndugu palepale alipowaacha, na kamba yao mkononi. Wembe akafunga kitabu juu ya kidole chake.

"Mke wangu, tuseme ukweli. Tuendelee au tuache? Maisha ni mafupi, kitabu ni kirefu. Kamwambie hakimu macho yalikuuma."

Mama Pacha aliinuka akakaa kitako. Lilikuwa swali la haki, akalifikiria kwa haki. Alikumbuka mashahidi aliowahi kuwafasiria, watu wa kuulizwa "Ulimwona nani?" wakaanza na mbuzi wa babu yao. Mawakili walikuwa wakiwakatiza. Lakini walioachwa waseme kwa mwendo wao, mara nyingi mbuzi yule aliwafikisha kwenye jambo.

"Mtu akianza kusema, mwache amalize," alisema. "Tuendelee. Ila kama wewe umechoka, niambie sasa hivi, tuache wote. Sitakasirika."

Wembe alichomoa kidole kitabuni.

"Tuendelee," akasema.

"Kweli?"

"Kweli. Mvumilivu hula mbivu."

Kesho yake mjane akaja.

Alitokea nyumba ya jirani na ndoo mkononi, akasimama kwenye kamba ya wale ndugu, akawauliza kwa nini wanapima hadi kwake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, kila neno limenolewa. Ndugu mkubwa akamfokea. Ndugu mdogo, yule bubu wa hiari, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza, akasema: "Kaka, shemeji ana haki." Shemeji! Walikuwa hawajajuana hata salamu.

Mama Pacha alicheka hadi akashika jicho. "Unaona? Unaona? Ningekusikiliza jana ningemkosa huyu!"

Tangu siku hiyo kitabu kilipaa. Akaja mgeni na sanduku la bati ambalo hakuruhusu mtu alishike. Kisima kikakutwa kimefukiwa usiku. Mjane akashukiwa, akasimama mbele ya wazee akajitetea peke yake, na hotuba yake Mama Pacha aliomba irudiwe. Wembe alisita, akasema ameshafungua ukurasa mwingine, wasirudi nyuma. Akaendelea. Alilamba kidole, akafungua ukurasa. Akasoma, akakohoa, akafungua mwingine. Mama Pacha alizoea hiyo sauti ya karatasi ikawa kama saa ya mchana wake. Ilipofika mjane anauguza mtoto asiye wake, alilia. Machozi yalipita chini ya kitambaa, na Wembe akaacha kusoma, akamfuta kwa ncha ya shati lake.

Hakuwahi kukipenda kitabu namna ile. Na hakuwahi, kusema kweli, kumpenda mumewe namna ile tangu pacha walipoondoka.

Siku ya kikundi mkunga alimpitia, akamshika mkono njia nzima. Kitabu yeye na Wembe walikuwa bado hawajakimaliza, zilibaki kurasa chache, lakini Mama Pacha alikuwa na mengi ya kusema. Alikaa kwenye kiti chake cha kawaida na miwani yake myeusi, akawasikiliza wenzake wakizungumza juu ya ndugu watatu, ya mama yao, ya ukuta. Alisubiri. Hakuna aliyegusa jambo lenyewe.

"Mheshimiwa," hatimaye akamwambia hakimu, "nakubali ulituonya juu ya mwanzo. Lakini nashangaa. Mnawezaje kuzungumza saa nzima na hakuna aliyemtaja mjane?"

Kikombe kiligusa kisahani.

"Mjane yupi, Bi Mkalimani?" hakimu aliuliza.

"Mjane! Jirani yao. Aliyesimama mbele ya wazee. Mwanamke anashtakiwa kufukia kisima, anajitetea bila wakili, nanyi mnaongea habari za ukuta?"

Mwalimu wa hesabu akacheka kidogo, kwa pua. "Dada, mimi nimepiga mstari chini ya kila jina. Kitabu hiki kina mwanamke mmoja tu, mama yao, na anafariki kabla bati halijapandishwa. Mjane hayumo."

"Basi hukusoma. Ulipiga mistari tu."

"Na kisima hakifukiwi," mwalimu akaendelea. "Hicho kisima ndicho wanachochotea maji ya zege."

Mama Pacha akapandisha sauti. Akawaeleza sanduku la bati. Akawaeleza mtoto mgonjwa. Aliyasema yote kwa ule ufundi wake wa mahakamani, neno baada ya neno, na kadiri alivyosema ndivyo sebule ilivyozidi kunyamaza. Akahisi mkono wa mkunga umewekwa gotini pake, taratibu, kama anavyowekewa mama ambaye bado hajaambiwa habari za mtoto wake.

Hakimu hakubishana. Alichukua kitabu chake akamsomea ukurasa mmoja kutoka katikati. Ndugu wawili walikuwa wanachanganya saruji. Akasoma mwingine, wa karibu na mwisho. Ndugu mdogo alikuwa amekaa peke yake katika nyumba isiyo na mlango. Sentensi zilikuwa ndefu, za polepole, za mwandishi yuleyule wa ile kamba. Mama Pacha alikuwa amefanya kazi ya kusikiliza watu maisha yake yote. Alihitaji sentensi tatu kujua kwamba aliyesema haya na aliyesimulia habari za mjane si mtu mmoja. Na yule wa pili alimjua. Alimjua hadi pumzi zake.

"Naomba radhi," alisema. "Mimi kitabu hiki sijakisoma."

Hakuongeza wala hakupunguza. Hakimu akabadilisha mazungumzo haraka, kwa heshima, na heshima ile ikamchoma kuliko kicheko cha mwalimu.

Mkunga alitaka kumfikisha hadi mlangoni. Mama Pacha akamwomba amwache kwenye kona ya duka la kinyozi. Jua lilikuwa bado halijazama. Duka lilikuwa wazi, mashine ya kunyolea ikinguruma. Alisimama nje, mkono ukutani, akataka kwanza kuvuta pumzi. Ndipo aliposikia.

"Mimi nasema mgeni afe kesho." Hiyo ilikuwa sauti ya fundi viatu, aliyezoea kushinda hapo dukani siku nzima. "Amekaa sana. Chakula cha watu anakula bure."

"Asife!" Huyo alikuwa muuza nyama. "Akifa, mjane ataolewa na nani? Na lile sanduku langu mtalifungua lini? Nimewapa sanduku tangu wiki ile, hamlitumii."

"Tulieni, wazee," Wembe akasema, na sauti ilikuwa ya mtu mwenye furaha. "Mgeni hatumuui. Mama Pacha anampenda. Nikimuua, nitalala nje. Juzi tu, kwa mtoto mgonjwa, alilia."

"Alilia?"

"Machozi kabisa! Chini ya kitambaa. Nikajiambia, Wembe, punguza, utaharibu upasuaji wa watu."

Wakacheka wote. Hakikuwa kicheko kibaya. Hilo ndilo alilolikumbuka baadaye, kwamba walicheka kwa upendo, kama wanaume wanaomlea mtoto wa pamoja. Alisukuma mlango akaingia.

Mashine ikazimwa. Aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa kimenyolewa na nusu bado, alijitazama kwenye kioo kama anatafuta pa kutokea.

"Endeleeni," Mama Pacha alisema. "Mmefika kwa mgeni."

Akageukia upande ilikotoka sauti ya fundi viatu.

"Sanduku limeshajulikana ni la nani. Wewe, fundi viatu, ulitoa nini?"

Fundi viatu alijikuna. "Kisima, shemeji," akasema kwa sauti ya chini. "Kukifukia. Lakini usiku niliweka tu ili..."

"Na mtoto?"

Wembe akawahi: "Mtoto ni mimi."

Mama Pacha aligeuka akatoka. Wembe akamfuata na shuka la kunyolea mkononi, akataka kumshika mkono, mkewe akautoa. Alikwenda nyumbani akipapasa ukuta, nyumba baada ya nyumba, naye mumewe nyuma yake akisema "kuna ngazi", "kuna mtaro", na yeye hakukubali hata onyo moja, hadi akajikwaa kwenye kizingiti chake mwenyewe.

Ndani alikaa kwenye kiti kigumu, si kwenye kochi.

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku ya kamba."

"Kesho yake."

"Kesho yake." Wembe alibaki wima. "Mama Pacha, ulikuwa unalala. Kila siku unakaa gizani, halafu nakusomea udongo. Nilitaka ucheke. Siku moja tu, nikasema, niweke mtu mmoja wa kuchekesha, halafu turudi kwenye kamba. Ukacheka vile. Ningerudije?"

"Na dukani?"

"Nilimaliza maneno. Kichwa changu ni cha vichekesho vya kunyolea, si cha riwaya. Nikawauliza."

"Ukalamba kidole."

"Nini?"

"Ulikuwa unalamba kidole ukifungua kurasa. Kurasa ulizokuwa husomi. Ukazifungua ili nisikie."

Wembe, mwenye jibu la kila kitu, akaanza kulikunja lile shuka la kunyolea.

"Nilikuuliza," Mama Pacha akasema. "Nilikuuliza hapo hapo kwenye kochi, tuendelee au tuache. Nikakuambia ukichoka sema, tuache wote, sitakasirika. Ningeacha! Ningeacha na moyo mweupe. Ukaniitikia tuendelee. Mimi nikadhani tumekata shauri wawili, kumbe nilikuwa peke yangu, na wewe ukaenda kunikalia kikao na mtaa mzima. Leo nimegombana na hakimu kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Nimemwambia mwalimu hakusoma. Mimi!"

"Lakini ulifurahi," Wembe alisema, karibu kwa kunong'ona.

"Nilifurahi sana. Hilo ndilo nisilokusamehe."

Siku zilizofuata walisema ya lazima tu: matone ya jicho, mlango, chumvi. Mchana Wembe alibaki dukani. Muuza nyama alileta kifurushi, akakiacha kizingitini bila kubisha, na Mama Pacha akamrudishia kwa mkono wa mkunga. Watoto wa jirani walipopiga kelele nje aliwaza kama nao wanajua habari za mjane. Lililomtesa zaidi hakumwambia mtu. Kila ikifika saa ile ya mchana, alitaka kujua kama mjane ameolewa.

Daktari alipomwita, akamfungua, akamwonyesha herufi ukutani, zikasomeka. Akaruhusiwa kusoma kidogo kidogo. Alirudi nyumbani, akachukua lile tofali la kijani, akakaa dirishani.

Katikati ya kurasa za mwanzo alikuta nywele. Vipande vifupi, vyeusi na vyeupe, vilivyodondoka kutoka kwenye mikono na mikunjo ya shati la mumewe. Kila alipofungua ukurasa palikuwa na viwili vitatu. Vikaenda hivyo hadi ukurasa wa arobaini na moja, kisha vikakoma. Kuanzia hapo kitabu kilikuwa safi, kimebana, kama kimetoka dukani leo. Kumbe kurasa alizokuwa akizifungua Wembe ili asikie zilikuwa zilezile za mwanzo.

Alikifunga. Sasa lilikuwa swali lake peke yake. Kikundi kilishahamia kitabu kingine. Hakuna ambaye angemuuliza. Na udongo ulikuwa bado ni udongo, hata kwa macho mapya. Lakini kuacha sasa kungekuwa kuacha mahali alipoacha Wembe, na hilo hakulitaka. Akafungua ukurasa wa arobaini na mbili.

Wembe aliporudi jioni hiyo alimkuta anasoma. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Nisikie na mimi?" aliuliza. "Cha kweli."

Mama Pacha alimtazama muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona vizuri tangu upasuaji. Alikuwa amezeeka kuliko sauti yake.

"Kaa," akasema. "Hakuna kuruka."

Akamsomea kama alivyokuwa akifasiri, bila kuongeza wala kupunguza. Ndugu wakachimba msingi. Wakakuta jiwe. Wakajadili jiwe. Wembe alikaa wima kama shahidi, mikono magotini, na kwa kweli alijitahidi. Lakini alikuwa amesimama kazini tangu asubuhi. Kabla jiwe halijatolewa, kichwa kilianguka kifuani, na akaanza kukoroma.

Mama Pacha aliendelea kwa sauti sentensi moja, kisha akaendelea kimya. Jiwe likatolewa. Chini yake ndugu mdogo akakuta kijiko cha mama yao, kilichopotea utotoni mwao, na akakificha mfukoni bila kuwaonyesha kaka zake. Yalikuwa maneno machache tu, yamewekwa kando kama hayana maana. Aliyasoma mara mbili. Hakulia, wala kitabu hakikupaa kama kile kingine. Alihisi tu kuwa mwandishi amemwamini kusubiri.

Wembe akashtuka. "Sikulala," akasema. "Tumefika wapi? Jiwe wamelitoa?"

"Wamelitoa."

"Chini yake kulikuwa na nini?"

Jibu la uongo likamjia mdomoni lenyewe, zuri, tayari kutoka: chini yake kulikuwa na sanduku la bati. Aliona jinsi lilivyo jepesi, na jinsi mumewe angefurahi. Alilimeza, na likashuka chungu.

"Ukurasa wa hamsini na tisa," alisema. "Kesho usome mwenyewe."

Akageuza kiti chake kuelekea dirishani, mwanga ulikokuwa bado unatosha, akaendelea.